Kuchagua jina la farasi wa mbio: sikio litangulie, kalamu ifuate

Mleta mada

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mijadala mingi kuhusu majina ya farasi wa mbio hugeuka kuwa mashindano ya kutaja maneno yenye fahari, kila mmoja akitupa Mfalme huyu na Simba yule, hata mwenye farasi akaondoka na orodha ndefu asiyojua aanzie wapi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: jina la farasi wa mbio ni la kusikiwa kwanza na kusomwa baadaye, na anayelichagua akiwa ameinamia karatasi, bila kulitamka kwa sauti ya juu na kwa haraka, amefanya nusu ya kazi.

Fikirini mahali ambapo jina hilo litatumika zaidi. Mbio za mita 1,200 humalizika kwa sekunde sabini hivi, na ndani ya muda huo mtangazaji anapaswa kuwatambua farasi kwa rangi za nguo za wapandaji wao, kufuata nani anapanda na nani anashuka, na kutaja kila jina mara kadhaa bila kukosea. Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, huwa na farasi hadi 20. Grand National ya Uingereza ilikuwa na 40 kwa miaka mingi, kisha idadi ikapunguzwa hadi 34 kuanzia mwaka 2024. Katika msongamano wa namna hiyo, jina linalomkwaza msemaji hutajwa nusu, na jina linalofanana kwa sauti na la jirani huwachanganya wote wanaosikiliza kwa mbali, akiwemo mwenye farasi mwenyewe aliye jukwaani na moyo mkononi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Allen Paulson, mwanzilishi wa kampuni ya ndege ya Gulfstream, ambaye alikuwa na desturi ya kuwapa farasi wake majina ya vituo vya angani, yaani zile alama za njia ambazo marubani huzitumia kuongoza ndege. Vituo hivyo hupewa majina ya herufi tano yanayotamkika, kwa makusudi kabisa, ili rubani na mwongoza ndege waelewane redioni hata mawasiliano yakiwa mabaya. Ndivyo alivyopatikana Arazi, na ndivyo alivyopatikana Cigar, ambaye watu wengi hudhani ameitwa kwa tumbaku. Cigar alikuja kushinda mbio 16 mfululizo, na jina lake lilitangazwa mara nyingi mno bila kumtatiza mtangazaji hata mmoja, kwa kuwa tangu awali lilitungwa kwa ajili ya sauti.

Baada ya sikio huja kanuni, na kanuni ya kwanza karibu kila mahali ni urefu. Kwa farasi wa aina ya Thoroughbred, yaani wale waliofugwa mahususi kwa mbio za kasi, jina halipaswi kuzidi herufi 18, na nafasi kati ya maneno huhesabiwa pamoja na alama nyingine zote. Hapo ndipo zinapotoka tahajia zinazowashangaza wageni. Pioneerof the Nile, baba wa American Pharoah, ameandikwa kwa kuunganisha maneno mawili ya kwanza kwa sababu yakitenganishwa jina linafika 19. Mama wa American Pharoah ni Littleprincessemma, maneno matatu yaliyobanwa kuwa moja, nayo yanatimia 18 kamili. Mimi binafsi sishauri njia hii. Sikio halioni kwamba maneno yameunganishwa, ni kweli, lakini mtu anayelitafuta jina kwenye programu ya mbio hulikosa, na mwandishi wa habari hulikosea.

Jambo la tatu, na hapa ningependa tukae kidogo, ni nasaba. Wafugaji wazuri huchukua jina la baba na jina la mama, wakayaweka mezani, wakatafuta jina la tatu linaloyaunganisha bila kuyarudia. Seabiscuit alikuwa mtoto wa Hard Tack, na hard tack ni ile biskuti kavu, ngumu, waliyokuwa wakiila mabaharia katika safari ndefu; jina la mtoto ni jina jingine la chakula hicho hicho, na kwa kuwa babu yake aliitwa Man o' War, yaani manowari, ukoo mzima ulibaki baharini. Desert Orchid, yule farasi mweupe aliyetwaa Cheltenham Gold Cup mwaka 1989, alizaliwa na Grey Mirage na Flower Child: mazigazi yakatoa jangwa, ua likatoa okidi, na jina lililopatikana lina picha ambayo wazazi wote wawili hawakuwa nayo. Red Rum, mshindi wa Grand National mara tatu, mwaka 1973, 1974 na 1977, alipewa herufi tatu za mwisho za jina la mama yake, Mared, na tatu za mwisho za baba yake, Quorum. Njia hii ya mwisho ni ya kukata na kuunga tu, lakini angalieni matokeo yake masikioni: silabi mbili, zote nzito, zote zikianza kwa sauti moja.

Ukoo ulionivutia kuliko wote kwa upande wa majina ni wa Northern Dancer, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 1964. Baba yake ni Nearctic, jina la kanda ya kaskazini ya dunia, na baba wa mama yake ni Native Dancer. Kutoka huku kaskazini, kutoka huko mchezaji wa ngoma. Watoto wake wakaendeleza dansi: Nijinsky na Nureyev, majina ya wachezaji mashuhuri wa baleti, na Sadler's Wells, jina la ukumbi wa maonyesho wa London. Mtu akisikia majina hayo, hata asipoambiwa, anahisi kwamba ni ndugu. Huo ndio ufundi ninaoutaka tujadili.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante mleta mada kwa uzi ulioshiba. Nina swali na nina nyongeza.

Nyongeza ni kwamba desturi hii ya kuunganisha majina haikuwepo tangu mwanzo. Madume watatu ambao farasi wote wa Thoroughbred wa leo hutokana nao kwa upande wa baba, yaani Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, walitambulishwa kwa majina ya watu waliowamiliki pamoja na asili waliyodhaniwa kuwa nayo. Hata baada ya daftari la nasaba la Uingereza kuanza kuchapishwa, mwaka 1791, farasi wengi waliendelea kukimbia bila jina lolote. Mshindi wa Derby ya Uingereza ya mwaka 1797 hakuwa na jina. Kumbukumbu zinamtaja kama mtoto wa Fidget tu. Alishinda mbio kubwa kuliko zote za umri wake, na leo hatuna tunachoweza kumwita.

Swali langu ni hili: vipi kuhusu kumwita farasi kwa jina la mtu? Wapo wanaotaka kumheshimu mzazi, mwalimu au mchezaji wanayempenda.

Mleta mada

Ndugu yangu, nashukuru kwa nyongeza hiyo ya mwaka 1797. Inanigusa kila ninapoikumbuka, kwa sababu inaonyesha kwamba ushindi peke yake hautoshi kumfanya farasi akumbukwe.

Kuhusu jina la mtu, inaruhusiwa kwa masharti. Kanuni za The Jockey Club ya Marekani, chombo kinachosajili majina ya farasi huko, kwa mfano, zinakataa jina la mtu aliye hai isipokuwa ametoa ruhusa yake kwa maandishi, na kwa marehemu zinataka maelezo ya kuridhisha kabla ya kukubali. Mfano bora ni Frankel, aliyezaliwa mwaka 2008 na kupewa jina la Bobby Frankel, mkufunzi wa Marekani aliyefariki mwaka 2009 baada ya kufanya kazi kwa miaka mingi na mwenye farasi huyo, Khalid Abdullah. Frankel alikimbia mara 14 na kushinda mara 14. Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Anayempa farasi jina la mtu anayempenda ajiandae kulisikia jina hilo likitajwa mwisho wa msafara pia, maana hakuna anayejua siku ya kutoa jina kama mwanafarasi atakuwa bingwa au atastaafu bila ushindi. Kama jambo hilo litaumiza familia, basi ni afadhali kumheshimu mtu kwa njia ya kuzunguka: jina la mlima alioupenda, chombo alichokipiga, au kazi aliyoifanya. Mmiliki wa kwanza wa Arkle na Foinavon, kwa kuwa wote wawili walianzia kwa mwenye mmoja, aliwapa majina ya milima ya Scotland iliyo kwenye eneo lake, na leo watu wengi huwajua farasi kabla ya kuijua milima yenyewe.

Man o' War naye alipewa jina kwa heshima ya namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1917, na mke wa mfugaji wake, August Belmont, alimpa jina akimfikiria mumewe aliyekuwa amejiunga na jeshi wakati wa vita. Jina la mtu halikutajwa, lakini mapenzi yapo ndani yake.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, naheshimu hoja yako ya sikio lakini siikubali yote. Umetaja majina mafupi mengi, na ni kweli kwamba Winx, aliyestaafu mwaka 2019 akiwa na ushindi 33 mfululizo, alikuwa na jina la pumzi moja. Lakini California Chrome ana herufi 17 na American Pharoah ana 16, nao wamependwa na umma kuliko farasi wengi wenye majina mafupi. Tena California Chrome alipatikana kwa bahati: wenye farasi waliandika majina manne, wakayatia kwenye kofia, wakamwomba mhudumu wa mgahawa achomoe. Na American Pharoah jina lake limekosewa tahajia, maana sahihi ni Pharaoh, likasajiliwa hivyo hivyo kama lilivyowasilishwa, naye mwaka 2015 akashinda mbio zote tatu za Triple Crown, taji la mbio tatu kubwa za Marekani, baada ya miaka 37 bila mshindi. Sasa uko wapi umuhimu wa utaratibu wote huu? Mimi naona kwamba farasi ndiye anayelipa jina uzuri, na jina baya la farasi mzuri husahaulika ubaya wake.

Mleta mada

Hoja yako ni nzito na umenilazimisha kuirekebisha yangu, au angalau kuisema kwa usahihi zaidi. Niliposema sikio sikumaanisha ufupi. Tamka California Chrome kwa sauti: maneno mawili yanaanza kwa sauti moja, la kwanza linakwenda kwa mawimbi na la pili linafunga kwa kishindo. Mtangazaji anaweza kulivuta katika mita mia za mwisho na likazidi kupendeza. American Pharoah vivyo hivyo. Kosa lake liko machoni tu, sikio halilijui. Kwa hiyo mifano yako miwili, kwa maoni yangu, inaithibitisha kanuni: tahajia ilikosewa na jina likasalimika, kwa sababu matamshi yalikuwa mazima. Kofia nayo haikutunga jina. Iliyatia ndani majina manne ambayo watu walikwisha kuyafikiria, na neno Chrome lilitokana na alama nyeupe za farasi mwenyewe. Bahati ilichagua miongoni mwa yaliyokwisha kuchaguliwa.

Jambo la kuhesabu, basi, ni mapigo na si herufi. Jina la herufi 10 lenye konsonanti zilizorundikana linaweza kuwa gumu kuliko la herufi 17 linalotiririka.

Ukitaka ushahidi wa zamani wa jina linalotegemea sikio, yupo mtoto wa Eclipse aliyezaliwa mwaka 1773. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi wa bandani aliambiwa aandike neno la Kiingereza la viazi, potatoes, naye akaandika Pot kisha akaongeza herufi o mara nane, kwa kuwa mtu akisoma kwa Kiingereza hizo o nane baada ya Pot, yaani "Pot-eight-o's", anapata sauti ile ile. Mwenye farasi akafurahi, na farasi akaingia kwenye kumbukumbu za nasaba kama Potoooooooo. Na baba yake, Eclipse, aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 1 Aprili 1764. Kama mwanafarasi wako amezaliwa siku yenye tukio, usilipuuze. Hilo ni jina ambalo hakuna mwingine anayeweza kudai kuwa ni lake kwa haki kama yeye.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niingize habari za nchi nyingine ili tusidhani kanuni ni moja duniani kote. Ufaransa, farasi wa mbio za kukokota vigari hupewa majina yanayoanza na herufi ya mwaka wa kuzaliwa: Bold Eagle alizaliwa mwaka 2011, mwaka wa B, na Face Time Bourbon mwaka 2015, mwaka wa F. Anayesikia jina anajua umri. Ujerumani ipo desturi ya wafugaji ya mtoto kufuata herufi ya kwanza ya mama, na ndiyo maana Monsun ni mtoto wa Mosella na Danedream ni mtoto wa Danedrop. Japani jina huandikwa kwa mwandiko wa katakana, na halizidi alama tisa. Deep Impact anatimia tisa kamili. Huko pia wamiliki wengi huweka neno lao moja mbele ya majina ya farasi wao wote, kama mwimbaji Saburo Kitajima alivyoweka Kitasan, akapatikana Kitasan Black.

Mimi desturi ya Ujerumani naiona nzuri kuliko zote, kwa sababu inampa mama nafasi yake. Katika mbio tunamtaja baba mno.

Mleta mada

Nakubaliana nawe kuhusu mama. Mfano wa kuunga mkono ni Urban Sea: wapo Sea the Stars, mtoto wake aliyeshinda Derby ya Uingereza na Arc, mbio kubwa ya Ufaransa, katika mwaka mmoja, 2009, kisha watoto wa Sea the Stars kama Sea the Moon na Sea of Class. Neno moja la bibi limevuka vizazi.

Kwa desturi ya neno la mmiliki, hata hivyo, nina shaka. Linamtangaza mwenye mali kuliko farasi, na pale farasi wawili wa zizi moja wanapokutana katika mbio moja, sikio linapata nusu ya kwanza inayofanana mara mbili. Mtangazaji hulazimika kusubiri neno la pili ndipo msikilizaji ajue ni nani.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, mimi nimekuwa nikisoma kimya kimya na sasa nina jambo la vitendo. Nina mwanafarasi dume wa mwaka mmoja. Baba yake ni Radi ya Alfajiri, mama yake ni Kimya Kingi. Ni mtulivu mno bandani, lakini akifunguliwa hugonga ardhi hadi mtu akageuka. Nimefikiria Mfalme wa Radi, lakini baada ya kusoma uzi huu nimeanza kusita. Nishaurini, na mniambie pia mambo yanayoweza kusababisha jina likataliwe.

Mleta mada

Ndugu, una bahati ya kuwa na wazazi wenye majina yanayozungumza. Mfalme wa Radi liache. Linarudia neno la baba na kumsahau mama, na majina ya wafalme ni mengi kiasi kwamba kuna uwezekano mkubwa kuna jingine linalofanana nalo. Mama anaitwa Kimya Kingi, na sote tunajua methali inavyoendelea: kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mtoto wa Kimya Kingi ni Mshindo Mkuu, na radi ya baba imo humo humo ndani ya mshindo. Ni herufi 12 pamoja na nafasi. Ni njia ile ile ya Seabiscuit: kumwachia mzazi aseme nusu na mtoto amalizie.

Kuhusu kukataliwa, kanuni hutofautiana, lakini kwa zile za Marekani ambazo wengi huziiga, jina halikubaliwi likiwa ni herufi za kifupisho tupu au tarakimu tupu, likiishia na neno la kutambulisha farasi kama dume au jike, likiwa ni jina la uwanja wa mbio au la mbio kubwa, likiwa na matangazo ya biashara ndani yake, likiwa na matusi au maana chafu, au likifanana kwa tahajia au kwa matamshi na jina lililokwisha kusajiliwa na ambalo bado linatumika. Angalia hapo: kwa matamshi. Msajili naye anatumia sikio. Yapo pia majina yaliyolindwa ambayo hayatatolewa tena, yakiwemo ya washindi wa Kentucky Derby na ya mabingwa walioingizwa kwenye orodha za heshima.

Usivunjike moyo ukikataliwa. Penny Chenery aliwasilisha majina kadhaa kwa ajili ya mtoto wa Bold Ruler na Somethingroyal, yakiwemo Scepter na Royal Line, yakarudishwa. Jina lililopita lilipendekezwa na karani wa zizi, Elizabeth Ham, ambaye aliwahi kufanya kazi na jumuiya ya kimataifa kule Geneva: Secretariat, yaani sekretarieti. Mwaka 1973 farasi huyo alishinda mbio za Belmont kwa umbali wa urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24. Leo hakuna anayeweza kumfikiria kwa jina la Scepter.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, naomba nikupime kwa kipimo chako mwenyewe. Mshindo Mkuu ni jina zuri kwenye karatasi. Sasa mweke mtangazaji mwenye kasi, mstari wa mwisho, makelele ya watu, aseme "Mshindo Mkuu". Msikilizaji aliye mbali anasikia "mshindi". Farasi akiwa wa nne, nusu ya watu watadhani ametangazwa wa kwanza.

Mleta mada

Umesema kweli na sina la kujitetea. Hoja hiyo inatosha kuliondoa jina juu ya orodha. Kwa maana hiyo hiyo napendekeza Kishindo. Maana ya methali inabaki, radi inabaki, silabi ni tatu, na sauti ya K mwanzoni inakata makelele kama panga. Linafanana na mwendo wa huyo mwanafarasi ulivyotueleza, jambo ambalo mimi hulipa uzito: jina linalotokana na nasaba na wakati huo huo linaeleza mwili au tabia ya farasi halihitaji maelezo mengine.

Mchangiaji wa nne

Kishindo limenikaa. Nimeambiwa naweza kuwasilisha majina sita kwa mpangilio wa upendeleo. Nimeandika hivi: Kishindo, Mwangwi, Mshindo Mkuu, Jibu la Kimya, Sauti ya Mbali, Ngurumo. Mnasemaje?

Mchangiaji wa tatu

Mwangwi ni jina la kupendeza sana kwa mtoto wa kimya na radi, lakini jiulize kama farasi huyu anaweza siku moja kuuzwa au kukimbia nje. Mwanzo wa Mw na ule mkusanyiko wa ngw katikati utawashinda watangazaji wengi wasiozungumza Kiswahili, na kila mmoja atalitamka kwa namna yake. Kishindo linatamkika kwa ulimi wowote. Phar Lap, yule bingwa wa Melbourne Cup ya mwaka 1930, jina lake lilitoka kwenye lugha ya Asia lenye maana ya umeme wa radi, na mkufunzi wake, Harry Telford, alilibadilisha tahajia na kulikata kuwa maneno mawili, jumla herufi saba, kwa sababu washindi wengi wa mbio hizo walikuwa na majina ya umbo hilo. Imani yake ya herufi saba siifuati, lakini alijali jinsi jina litakavyokaa mbele ya wageni.

Mleta mada

Naunga mkono. Tena kuna jambo la mpangilio: Kishindo na Mshindo Mkuu yana kiini kimoja cha sauti, kwa hiyo likikataliwa la kwanza kwa kufanana na jina lililopo, la pili nalo lina hatari hiyo hiyo, na umepoteza nafasi moja kati ya sita. Orodha nzuri ina majina yasiyofanana hata kidogo. Toa Mshindo Mkuu kabisa. Weka Jibu la Kimya nafasi ya pili. Lina herufi 13, linamheshimu mama, na lina ushairi. Ngurumo liende la tatu, Sauti ya Mbali la nne, Mwangwi la tano kwa sababu aliyoitoa ndugu yetu. Nafasi ya sita itafute kwenye mwili wa farasi: ana alama gani?

Na usichelewe. Kwa kanuni za Marekani, ambako umri wa farasi wote huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, asiyekuwa na jina kufikia tarehe 1 Februari ya mwaka anaohesabiwa kuwa na miaka miwili hulipiwa ada ya ucheleweshaji. Angalia kanuni ya msajili wako inasema nini.

Mchangiaji wa nne

Ana nyota nyeupe pajini mwa uso na mguu mmoja wa nyuma mweupe. La sita nimeweka Nyota ya Radi.

Mchangiaji wa kwanza

Nyota ya Radi linarudia neno la baba, lakini kwa nafasi ya sita linafaa. Kabla ya kutuma, mpe mtu mwingine asome orodha yote kwa sauti, akiwa amesimama mbali nawe na kasi ikiwa ya mbio, kisha uandike unachokisikia.

Mchangiaji wa nne

Nimefanya hivyo na ndugu yangu, akiwa upande wa pili wa uwanja. Kishindo, Ngurumo na Nyota ya Radi nimeyasikia bila shida. Sauti ya Mbali nilisikia "sauti" tu, mwisho ukapotea. Jibu la Kimya nililisikia mara ya pili. Nimebadilisha: Kishindo, Ngurumo, Jibu la Kimya, Nyota ya Radi, Mwangwi, Sauti ya Mbali. Fomu naituma leo jioni, na jibu la msajili nitaliweka hapa hapa kwenye uzi.